Siku Kibonge Alipofukizwa Ubani

Harufu ya ubani huwatuliza watu wengi wa kwetu. Wakiisikia wanakumbuka maulidi, harusi, mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa. Mimi hunifanya nitafute mlango. Juzi nilikuwa kwenye duka la mama mmoja hapa Nachingwea, nachagua karatasi ya kufungia zawadi ya mwanangu, yeye akatupia kipande cha ubani kwenye mkaa ili biashara ichangamke, nami nikajikuta nimeshatoka nje bila karatasi wala kuaga. Mama wa watu aliniita mpaka akachoka. Ningerudi nimweleze nini? Mtu mzima na akili zake, anakimbia moshi.

Nililelewa na bibi yangu mzaa mama, kijijini, upande wa Mbwemkuru, wilaya ya Ruangwa. Mama alikuwa ameolewa tena huku Nachingwea mjini, na mwanaume aliyekuwa karani kwenye ofisi moja, mwenye binti yake wa ndoa ya kwanza, Rehema, tuliyelingana naye kimo na karibu na umri. Kijijini watu walimwita mama yangu Mama Somoe, kwa sababu Somoe ni mimi. Nilipopelekwa kwake likizo kwa mara ya kwanza nikasikia majirani wanamwita Mama Rehema, naye anaitika. Nilimtaka mama yangu arudi kuitwa kwa jina langu, na njia pekee niliyoiona ilikuwa mimi nihamie pale.

Likizo hiyohiyo Rehema akafanyiwa siku yake ya kuzaliwa. Sikuwahi kuona jambo la namna ile. Keki ilitoka kwa mama mmoja mpishi wa jirani, ina sukari ya rangi juu, na watoto waliimba. Lakini kilichonishinda si keki. Baada ya kula, Baba Rehema aliketi kwenye kochi, akampakata mwanawe ingawa miguu ilishakuwa mirefu, akafungua kitabu kipya chenye picha kila ukurasa, akasoma kwa sauti. Alisoma sauti ya fisi kwa kukoroma, ya ndege kwa kubana pua. Sisi wengine tulikaa chini tukinyoosha shingo kama vifaranga. Shuleni kwetu kitabu kimoja tulikisoma watoto wanne, kila mtu na kona yake, na picha zake zilikuwa nyeusi na za zamani. Hiki kilikuwa na majani mabichi kweli, na maji ya buluu ambayo nilitamani kuyagusa. Nilijisogeza mpaka nikawa nasikia harufu ya karatasi yake. Ilinukia kama kitu cha kula.

Jioni ile nikiwa uani naosha vyombo nilimsikia Baba Rehema anamwambia mama, "Huyu mtoto akishajua kusoma vizuri tumchukue. Akija hajui kusoma, shule za huku zitamwonea." Mama akasema haya. Wao labda walikuwa wanaongea tu, kama watu wazima wanavyoongea wakinywa chai. Mimi nilichukua kama ahadi iliyowekewa saini. Kusoma vizuri, halafu mama.

Siku ya kuondoka Rehema alinipa kitabu kimoja katika rundo lake. Kilishatoka jalada na yeye alishakikinai. Ilikuwa hadithi ya mnyama mdogo aitwaye Kibonge, anayetafuta watu wa kula naye siku yake ya kuzaliwa. Kila ukurasa anabisha hodi kwa mnyama mwingine, na kila mnyama ana udhuru: kobe ana kazi, bata anaumwa, sungura amesafiri. Mwishoni mama yake anamwita nyumbani, wanakula wawili. Maneno yalikuwa machache na makubwa. Nilikikumbatia kitabu kile njia nzima, mpaka Nanganga, mpaka Ruangwa, mpaka kijijini.

Bibi hakujua kusoma. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha msikitini, kilichobaki alikisema kwa Kimwera. Lakini alipenda hadithi kuliko nilivyopenda mimi. Nilimsomea Kibonge akibangua korosho, nilimsomea akipepeta, na kila Kibonge alipofukuzwa mlangoni Bibi alisikitika upya, kana kwamba mara hii huenda kobe angebadili mawazo.

"Masikini, mtoto wa watu," alisema. "Hawa hawana hata haya? Mtu anakualika kula unakataa?"

Jambo moja tu kitabu hakikusema: Kibonge ni mnyama gani. Kiliandika Kibonge, basi. Mimi na Bibi tulilijadili. Macho yake yalishaanza ukungu, kwa hiyo alinitegemea nimweleze. Nikamwambia ni mnene, hana manyoya, pua yake pana, ana rangi ya waridi, amevaa kaptula.

"Mtoto wa kiboko," Bibi alisema bila kusita. Alipokuwa msichana alishawaona mtoni. "Na hiyo rangi isikutishe. Kila mtoto huzaliwa mwekundu, weusi huja baadaye."

Nilikubali. Nani angepinga? Tulimpenda yule mtoto wa kiboko, mimi na Bibi, kwa mioyo yetu yote.

Kwetu mtu hakuwa na siku ya kuzaliwa. Alikuwa na msimu. Mimi nilizaliwa mafungu ya ufuta yakiwa yamesimamishwa shambani yanakauka, bado hayajakung'utwa. Mwaka ule ufuta uliposimama nilimwambia Bibi kwamba nami nataka nifanyiwe siku yangu, na mama aitwe aje na Baba Rehema. Sikumwambia kwa nini. Niliona kumwambia mtu anayekulea kwamba unatafuta njia ya kumhama ni jambo baya, na nilikuwa na haya.

Bibi aliacha kupepeta. "Ninayemjua mimi anayesomewa kuzaliwa kwake ni Mtume peke yake."

"Rehema alifanyiwa."

"Walifanyaje?"

"Baba yake alisoma kitabu, sisi tukakaa tukasikiliza. Halafu tukala."

Kwa kweli tulikula kwanza, lakini nilipanga hivyo ili iwe na adabu. Bibi alifikiri, kisha uso ukamchangamka. Watu wanakaa, kitabu kinasomwa, watu wanakula. Hilo alilijua vizuri sana.

Akaenda kwa Maalim, aliyetufundisha madrasa, mtu mpole mwenye kikohozi kisichoisha. Maalim alisema kumwombea mtoto dua si vibaya, na elimu ni elimu. Akamwazima marufaa yake, kile kibao cha kukunjua cha kuwekea msahafu, kwa sababu Bibi alisema hataki mjukuu wake asome kitabu kimelala chini kwenye vumbi. Bibi akapita nyumba moja moja kualika. Hakubakiza mtu. Nilimsikia akimwambia jirani yetu Bi Mwanahawa, "Njoo, mwenzangu. Usije ukawa kama wale akina kobe." Bi Mwanahawa hakuelewa, ila alikuja.

Baba Rehema, mama na Rehema walifika kwa pikipiki, wamekaa watatu, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nilipowaona wanashuka nilimwona mama akitazama ua wa mama yake, na hapo ndipo na mimi nilipoutazama kwa macho ya mjini. Majamvi yametandikwa hadi chini ya mkorosho. Wanawake wamejifunika kanga, wazee wamevaa kofia zao za Ijumaa. Chetezo kinafuka moshi wa ubani. Mtoto wa jirani anapita na mrashi akiwarushia watu marashi viganjani. Hakuna keki, kuna sinia la kashata za ufuta na masufuria ya wali na kuku. Rehema alikuwa amevaa gauni la keki, kama alivyovaa siku yake, ameshika zawadi iliyofungwa, anatafuta mahali pa kuiweka.

"Nani kafa?" Rehema alimnong'oneza mama.

Aibu ya kwanza ilikuwa hiyo. Ilinipanda kutoka miguuni. Nilitamani kwenda kuzima chetezo, lakini Bibi alikuwa amenishika mkono, ananipeleka kwenye marufaa kama bibi harusi. Alinikalisha, akanifunika mtandio vizuri, akakiweka kitabu changu juu ya kibao kwa mikono yake miwili.

"Bismillahi," alisema. "Soma, mjukuu wangu. Usiharakishe."

Nikasoma. Mwanzo niliharakisha, halafu nikamsikia Bibi anavuta pumzi pale pale anapovuta siku zote, nikapata nguvu. Nilibana pua kwa bata. Nilikoroma kwa sungura, ingawa sungura hakoromi. Nilimwona Baba Rehema ameacha kujipangusa vumbi, anasikiliza, nikajua jambo langu linakwenda. Wanawake wazee, kwa mazoea, kila nilipofika mwisho wa ukurasa waliitikia.

"Kobe akasema, leo nina kazi nyingi."

"Amina," wakasema.

Bi Mwanahawa alisogeza chetezo karibu yangu ili mtoto apate baraka. Moshi ukapita juu ya kitabu, juu ya Kibonge na kaptula yake. Rehema alikuwa amesogea kutazama picha, kwani ni kitabu chake. Kukawa na ule ukimya wa kufunua ukurasa, na katika ukimya huo akamgeukia baba yake akauliza, kwa sauti ya mtoto anayetaka kujua kweli:

"Baba, mbona wanamfukizia nguruwe ubani?"

Nguruwe tuliowajua sisi walikuwa weusi, manyoya kama brashi ya kusugulia sakafu, meno nje. Walitufukulia mihogo, na asubuhi tulikuta shamba limepinduliwa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mahali pengine nguruwe huwa na rangi ya waridi. Rehema alijua, kwa sababu mjini kulikuwa na watu wanaowafuga.

"Nguruwe yupi?" Bibi aliuliza.

Mzee aliyekuwa karibu aliinamisha shingo, akatazama, akarudi nyuma mpaka akamgonga mwenzake. Bi Mwanahawa alikinyakua chetezo chake kana kwamba kimeungua. Bibi akanigeukia. Hakumgeukia Maalim wala mama. Alinigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kusoma.

"Somoe. Ni nguruwe?"

Nilikitazama kitabu nilichokijua kwa moyo. Nilijua kila neno lilipo, hata pale wino ulipofifia. Nikasema, "Sijui, Bibi." Ndivyo ilivyokuwa, sikujua, na mpaka leo sijawahi kujiona mjinga kama dakika ile.

Baba Rehema alianza kucheka. Alijitahidi kujizuia, nikamwona anauma midomo, kisha kicheko kikamtoka, akacheka mpaka akashika mkorosho. Hakuwa mtu mbaya. Lakini kicheko ni kama kuhara, mmoja akianza hakuna wa kuzuia, na vijana wa nyuma wakamfuata, na wanawake wakaziba midomo kwa kanga. Mama hakucheka. Alitazama chini, kwenye viatu vyake vyenye vumbi. Nilijua anamwonea aibu mama yake mbele ya mume wake, na kwamba mimi ndiye niliyeleta yote.

Maalim alikuja mbele. Akakiinua kitabu kwa ncha za vidole, akakilaza jamvini taratibu, akakunja marufaa na kuiviringisha kwenye shuka yake.

"Hakuna aliyekusudia," alisema. "Nakwenda kuiosha, basi."

Bibi akasimama. Alikuwa mfupi, na siku ile alionekana mfupi zaidi. "Kosa ni langu, Maalim. Mtoto aliniuliza ni mnyama gani, mimi nikamwambia kiboko. Mimi na macho yangu haya."

"Yamekwisha, dada yangu."

Hayakuwa yamekwisha. Watu walianza kuondoka kabla ya chakula. Mmoja amekumbuka mbuzi wake, mwingine kichwa kinamgonga, mwingine alishakula kwake. Walikuwa na adabu, waliaga kwa heshima zote, na walipofika nyuma ya nyumba tuliwasikia. Bibi alibaki ameshika upawa karibu na sufuria la wali lililojaa mpaka juu. Sikuweza kumtazama. Nilikaa pale pale nilipokalishwa, na mtandio wangu, mbele ya mahali palipokuwa na marufaa.

Tulikula sisi wenyewe. Mama alisema kwa sauti ya chini, "Mama, siku nyingine uniulize kwanza." Bibi akasema haya, mwanangu. Rehema, ambaye hakuelewa alichofanya, alinipa zawadi yake. Yalikuwa makalamu ya rangi. Nilisema asante bila kufungua.

Hapo Baba Rehema, macho yake bado yana machozi ya kicheko, akamwambia mama, "Lakini umesikia anavyosoma? Hajakwama hata mahali pamoja. Huyu twende naye."

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo tangu likizo. Lilipofika nilihisi tu uso unaniwaka. Mama alimtazama Bibi kuomba ruhusa. Bibi aliingia ndani, akatoka na furushi langu: nguo zangu, sare, sufuria dogo la uji, vyote vimefungwa kwenye kanga yake nzuri, na fundo limekazwa. Hakukaa ndani muda wa kufunga hata nusu yake. Furushi lilikuwa limefungwa tangu kabla ya wageni kufika.

Leo nikiwa mama naweza kulisoma furushi lile. Siku ile nililisoma vibaya kuliko nilivyomsoma Kibonge. Niliona mtu niliyemwaibisha mbele ya kijiji kizima, ananitolea vitu vyangu mlangoni. Nilidhani ananifukuza, na nilidhani nimestahili. Nilimpa shikamoo ya kuaga, akaniwekea kiganja kichwani, akasema, "Nenda ukasome." Nikasikia, nenda.

Nilikaa Nachingwea mpaka nikamaliza shule, nikaenda chuo, nikarudi kuwa mwalimu. Mama akawa Mama Rehema na Somoe, kwa wale wenye subira ya kulimaliza jina. Likizo nilikwenda kwa Bibi, lakini nilikaa ndani. Nilichota maji mchana wa jua kali, wakati wengine wamelala. Nikipishana na mtu akitabasamu nilijua anatabasamia nini. Bibi alikuwa akiniuliza, "Hujaja na kitabu?" nami nikasema vimebaki mjini. Niliona ananipima kama nimesahau. Hatukulitaja jambo lile hata mara moja, yeye na mimi, mpaka macho yake yakafa kabisa, mpaka naye akafa.

Tulimzika mwaka juzi, ufuta ukiwa bado haujapandwa. Wasiotoka kwetu huenda hawajui kazi ya watani msibani. Wafiwa wanalia, na watani wanakuja kuuharibu msiba: wanamwiga marehemu, wanamtukana, wanajilaza pale alipokuwa akilala, mpaka walio na machozi wacheke watake wasitake. Ndiyo heshima yenyewe. Mtu asiyeigwa na watani amekufa kama hakuishi.

Mtani wetu mkubwa, mama mnene mwenye sauti ya filimbi, alitokea jikoni amejifunga kanga ya Bibi, ameinama kama Bibi, anapapasa njia. Nyuma yake kijana anatembea kwa mikono na magoti, kaptula imevutwa mpaka kifuani, anakoroma. Mtani akaweka ungo mbele yake kama marufaa, akatupia majivu hewani badala ya ubani, akasema, "Bismillahi, soma mjukuu wangu, huyu ni kiboko!"

Watu walianguka kwa kicheko. Mimi nilikuwa jamvini na wafiwa. Miaka yote ile. Nilikuwa nimemwachia Bibi aibu ile peke yake, nikaenda zangu mjini, na wao hawakuwa wamesahau hata kaptula. Niliinuka ili niingie ndani.

Kumbe mchezo ulikuwa haujaisha. Mtani wa pili alisimama, akaigiza watu waliokuwa wakimchokoza Bibi kisimani: "Bibi wa nguruwe, hujambo? Nguruwe wako hajambo?" Yule aliyekuwa Bibi akanyoosha mgongo. Aliutua mtungi wake wa uongo. Akaweka mkono kiunoni, kwa namna ambayo sikuwahi kumwona Bibi akiweka mbele yangu, akanyoosha kidole, na kabla hajafungua mdomo ua mzima ulimtangulia, wazee, vijana, Bi Mwanahawa asiye na meno, hata watoto waliozaliwa baada ya siku ile, kwa sauti moja ya watu waliosikia jibu hilo la Bibi mara nyingi mno:

"Nguruwe wenu kawalia mihogo! Wangu kanisomeshea mjukuu!"

Wakapiga makofi. Wakarudia tena, wanacheka, wanalia. Mtani akanigeukia, anahema, akaniuliza mbele ya watu, "We mjukuu mwenyewe, mbona huitikii?"

Nilikuwa mtu pekee pale uani niliyekuwa nalisikia neno hilo kwa mara ya kwanza. Nilijifunika kanga usoni, na waliokuwa karibu, wakidhani nalia msiba, wakasogea kunipa nafasi.